Samani za plastiki za wanasesere: nani hupanga bei ya kitu cha zamani?

Wiki hii safu ya soko inaziweka kando bei za mahindi, mpunga na ufuta, na badala yake inachukua somo. Somo lenyewe linatokana na swali linalosikika mara kwa mara katika vijiwe vya biashara vya Mpanda, kuanzia Makanyagio hadi Kawajense: je, ni kweli kwamba kitu cha zamani kina bei kubwa kuliko kipya?

Msomaji anajua swali hili linatoka wapi. Kuna mtu ameambiwa kwamba cherehani ya marehemu babu ni mamilioni. Mwingine ameambiwa pasi ya mkaa inatafutwa na Wazungu. Wa tatu ameuza ng'ombe ili achangie kuchimba "mali ya Mjerumani". Wachache sana kati yao wamewahi kumwona mnunuzi.

Ili kulijibu swali hilo kitaalamu, tunahitaji bidhaa ya zamani ambayo soko lake liko wazi, watengenezaji wake wanajulikana, na bei zake mtu yeyote anaweza kuzitazama. Tumechagua bidhaa ndogo kabisa: samani za plastiki za nyumba za wanasesere zilizotengenezwa kati ya miaka ya 1940 na 1960. Ni vitu ambavyo mfanyabiashara wa mitumba akifungua belo la vitu vya kuchezea watoto anaweza kukutana navyo chini kabisa ya belo, akavimwaga kwenye fungu la bei ya kutupa.

Bidhaa yenyewe

Nyumba ya mwanasesere ni nyumba ndogo ya kuchezea mtoto, yenye vyumba na vyombo vyake: kitanda, kochi, meza, jiko, jokofu, hata choo na beseni la kuogea. Zamani huko Ulaya na Marekani vyombo hivyo vilitengenezwa zaidi kwa mbao, bati au chuma. Vita Kuu ya Pili ndiyo iliyobadili mambo.

Mwaka 1942 Japani iliiteka Malaya, na mataifa ya Magharibi yakapoteza mashamba yake makubwa ya mpira. Huku kwetu Tanganyika, serikali ya kikoloni iliwapeleka watu kwa lazima kwenye mashamba ya mpira na mkonge ili kuziba pengo. Marekani nayo ilijenga viwanda vya mpira wa kutengeneza, ambao malighafi yake mojawapo ni stairini. Vita vilipokwisha mwaka 1945, viwanda vya stairini vilibaki, mahitaji ya kijeshi yakapungua, na malighafi ikapatikana kwa wingi na kwa bei nafuu. Kutoka kwenye stairini hiyo hupatikana polistirini, yaani plastiki ngumu inayong'aa na kuvunjika kirahisi.

Polistirini huyeyushwa, husukumwa kwa nguvu ndani ya kalibu ya chuma, ikapoa na kutoka ikiwa kiti kamili. Kalibu ni ghali sana, lakini kipande kimoja kimoja ni senti chache. Kwa lugha ya uhasibu, gharama za kudumu ni kubwa na gharama za kila kipande ni ndogo. Kiwanda cha namna hiyo hakina budi kuuza vipande vingi mno ili kirudishe fedha ya kalibu. Kwa hiyo tangu mwanzo bidhaa hii haikuwa adimu. Msomaji alishike jambo hilo, kwa sababu mambo mengine yote yanalitegemea.

Kampuni zilizovuma zaidi zilikuwa za Marekani. Renwal ilianzishwa New York mwaka 1939. Jina lake ni jina la mwanzilishi, Lawner, lililoandikwa kinyumenyume. Samani za Renwal zilipendwa kwa sababu ya sehemu zinazosogea: droo zinatoka na milango ya makabati inafunguka. Louis Marx, aliyeanzisha kampuni yake mwaka 1919 na ambayo katika miaka ya 1950 ilikuwa kubwa kuliko zote duniani kwa vitu vya kuchezea, aliuza nyumba za bati lililochapwa rangi, zikiwa na vyombo vya plastiki ndani yake. Plasco ilikuwa na samani zilizoitwa Little Homemaker. Ideal ilitoa mwaka 1964 samani za kifahari zilizoitwa Petite Princess. Uingereza ilikuwa na Kleeware, na pia Lines Brothers wenye chapa ya Tri-ang, kampuni iliyoanguka mwaka 1971. Huko Sweden, Lundby ilianza mjini Gothenburg mwaka 1947.

Katika miaka hiyo hiyo Mpanda nayo ilikuwa inabadilika. Reli ya tawi kutoka Kaliua ililetwa ili kufuata madini ya risasi, na mji ukakua kando ya mgodi na stesheni. Watoto wa wenyeji nao walikuwa na samani zao za kuchezea, za mabua na za udongo. Tutazirudia mwishoni, maana zina somo lake.

Kwa nini takataka ilipata wanunuzi

Samani hizi ziliuzwa katika maduka ya bei nafuu, kipande kwa kipande, kwa senti. Watoto walizikanyaga, mbwa walizitafuna, wazazi walizitupa. Zilitengenezwa kwa wingi na zikapotea kwa wingi. Zilizobaki ni zile zilizosahaulika darini au kwenye sanduku.

Upande wa mahitaji, chukua msichana aliyezaliwa mwaka 1940. Mwaka 1948 alikuwa na miaka 8 na alicheza na jiko la Renwal. Mwaka 1990 alikuwa na miaka 50, watoto wake wamekua, mshahara upo, na anakumbuka jiko lile. Huyo ndiye mkusanyaji. Hanunui plastiki, ananunua chumba cha utotoni mwake. Ndiyo maana hataki jiko jipya hata likiwa zuri zaidi.

Lakini mfanyabiashara makini huuliza pia swali la pili: mnunuzi huyo ana umri gani leo? Aliyezaliwa mwaka 1940 amevuka miaka 80. Kizazi chake sasa kinauza au kinaachia warithi, na warithi hawakucheza na vitu hivyo. Bidhaa inaongezeka sokoni huku wanunuzi wakipungua. Kila bidhaa inayouzwa kwa nguvu ya kumbukumbu hupitia mkondo huu: hupanda kizazi chake kikiwa na fedha, na hushuka kizazi hicho kikizeeka.

Jambo jingine lililobadili bei ni mnada wa mtandaoni. Kampuni ya eBay ilianza Marekani mwaka 1995. Kabla ya hapo, mkusanyaji aliyekuta kabati la Renwal dukani mwa vitu vya zamani hakujua kama ataliona jingine. Baada ya hapo aliweza kuona makabati mengi yanayofanana siku moja. Vipande vya kawaida vikaonekana kuwa vya kawaida kweli, na bei zake zikalegea. Vile vilivyo adimu kweli vikabaki na thamani. Hivi ndivyo taarifa zinavyofanya katika soko lolote: huondoa faida ya kutojua.

Mambo matano yanayopanga bei

Wakusanyaji hawatazami umri kwanza. Wanatazama mambo yafuatayo:

1. Chapa. Vipande vingi vya kampuni kubwa vina jina la kampuni upande wa chini, na mara nyingi namba ya kalibu. Kipande kisicho na jina huweza kutambuliwa na mtaalamu, lakini mtu wa kawaida hulipa kidogo kwa kitu asichoweza kukithibitisha.

2. Ukamilifu. Kabati lililopoteza mlango, au droo moja, hushuka thamani sana. Vipande vyenye sehemu zinazosogea ndivyo vinavyopendwa, na ndivyo vinavyoharibika kwanza.

3. Hali. Ufa, kona iliyomeguka, gundi, rangi iliyopakwa na mtoto, plastiki iliyopinda kwa joto: kila kimoja kinapunguza bei. Gundi huharibu zaidi kuliko ufa wenyewe.

4. Rangi na uhaba. Kalibu moja ilitoa kipande kile kile kwa rangi mbalimbali. Rangi iliyotolewa mara chache huweza kuwa na bei kuliko kipande chenyewe katika rangi ya kawaida.

5. Sanduku. Sanduku la awali huongeza bei pale tu ambapo masanduku mengi yalitupwa. Samani za Petite Princess nyingi zimesalia ndani ya masanduku yake, hivyo sanduku peke yake halimshangazi mnunuzi.

Aidha, lipo suala la kipimo. Vyombo vingi vya Renwal vilitengenezwa kwa kipimo cha robo tatu ya inchi kwa kila futi moja ya kitu halisi. Yaani kabati la futi 3 linakuwa na urefu wa inchi 2 na robo. Marx alitumia kipimo hicho na pia kidogo zaidi, nusu inchi kwa futi. Mkusanyaji hachanganyi, kama fundi asivyochanganya bolti za milimita na za inchi.

Msomaji atambue kwamba umri haumo katika orodha hiyo.

Ushahidi wa karibu: sarafu za Tabora

Wapo watakaosema kwamba hayo ni mambo ya Wamarekani. Basi tuchukue mfano wa jirani. Mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani walipozingirwa na kukosa fedha za sarafu, walitengeneza sarafu zao mjini Tabora. Walitoa sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye picha ya tembo, vipande 16,198. Walitoa pia sarafu ya heller 20, ambayo ilifikia zaidi ya vipande milioni moja.

Sarafu hizo mbili zimetoka mji mmoja, mwaka mmoja, mikono ile ile. Umri wake ni sawasawa. Hata hivyo wakusanyaji duniani hulipa maelfu ya dola kwa ile ya dhahabu ikiwa safi, na kiasi kidogo tu kwa heller 20 ya kawaida iliyochakaa. Tofauti hiyo haitokani na uzee. Inatokana na idadi, hali na madini yaliyomo.

Hesabu ya mfanyabiashara wa Mpanda

Sasa tuingie kwenye hesabu. Takwimu zifuatazo ni za kufundishia tu. Kila mtu aweke zake.

Tuseme mama mmoja anayeuza mitumba amefungua belo na kukuta vipande 20 vya samani za namna hiyo. Njia ya kwanza ni kuviuza hapa hapa kwenye fungu, kila kipande shilingi 500. Anapata shilingi 10,000 ndani ya siku mbili.

Njia ya pili ni kutafuta mkusanyaji wa Marekani. Kwanza anachambua: vipande 8 vimevunjika au vimepungukiwa. Vinabaki 12. Tuseme ni vya kawaida, na vinauzwa dola 6 kila kimoja, jumla dola 72. Kutoka hapo aondoe posta dola 45, ada ya mnada dola 9, vifungashio dola 5, na gharama ya kupokea fedha dola 4. Jumla ya makato ni dola 63. Kinachobaki ni dola 9. Tukichukua dola moja kwa shilingi 2,500, amepata shilingi 22,500.

Kwa haraka mtu atasema shilingi 22,500 ni zaidi ya mara mbili ya 10,000. Lakini amengoja wiki nyingi, ametumia muda wa kupiga picha na kujibu maswali, na amebeba hatari ya kifurushi kuvunjika njiani na mteja kudai fedha yake. Tena, shilingi 10,000 za siku ya pili zingeweza kuzungushwa mara kadhaa katika kipindi hicho. Hiyo ndiyo inayoitwa gharama ya fursa: faida uliyoiacha kwa kuchagua jambo jingine. Mwenye mtaji mdogo huumizwa nayo kuliko mwenye mtaji mkubwa.

Kuna jambo jingine la kuangaliwa. Mwezi Agosti 2025 Marekani ilisitisha msamaha wa ushuru uliokuwa ukivipitisha bure vifurushi vyenye thamani isiyozidi dola 800. Badiliko moja la kanuni kama hilo latosha kuzila dola 9 zote. Anayetaka kutuma aulize kwanza posta kanuni za siku hiyo.

Hesabu hubadilika katika hali mbili tu. Ya kwanza ni kupata kipande adimu kweli, kilichothibitishwa kwa chapa na kulinganishwa na mauzo yaliyokwisha kufanyika. Ya pili ni kupata seti kamili ya chumba, ikauzwa kwa kifurushi kimoja, gharama ya posta ikagawanyika. Kwa hiyo ushauri ni huu: kama vipande vimekuja ndani ya belo ulilokwisha kulilipia, viangalie chini kabla ya kuvimwaga kwenye fungu. Lakini usitoe mtaji mpya kuvitafuta.

Soko la kweli na soko la hewa

Mwaka 2009 ulizuka uvumi Saudi Arabia kwamba cherehani za zamani za Singer zina "zebaki nyekundu" yenye thamani kubwa. Watu walinunua cherehani kwa bei za ajabu, na polisi wakalazimika kutamka kwamba ni uzushi. Uvumi wa aina hiyo umefika pia Afrika Mashariki, na bado unatembea pamoja na hadithi za rupia na mali za Mjerumani.

Mwanafunzi wa samani za wanasesere hawezi kudanganywa kirahisi namna hiyo, kwa sababu anajua soko la kweli linavyofanana:

Kwanza, soko la kweli lina wanunuzi wengi wanaoshindana. Soko la hewa lina mnunuzi mmoja ambaye hajawahi kuonekana, yupo "Dar" au "nje", na anawakilishwa na dalali.

Pili, soko la kweli lina bei za mauzo yaliyokwisha kufanyika. Angalia kitu kiliuzwa kiasi gani, siyo kinaombewa kiasi gani. Kila mtu anaweza kuomba milioni.

Tatu, katika soko la kweli mnunuzi ndiye anayetoa fedha. Ukiona wewe mwenye mali ndiye unayeombwa fedha ya kupima, ya kibali, ya nauli au ya dawa, fahamu kwamba bidhaa inayouzwa ni wewe.

Nne, mali ya kweli inaelezeka: nani alitengeneza, lini, kwa nini ni chache. Mali ya hewa hueleza siri tu.

Aidha, mwenye kitu cha kale sana akumbuke kwamba Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inazuia kusafirisha nje bila kibali vitu vya kale vinavyolindwa, vikiwemo vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863. Plastiki za wanasesere hazimo, lakini vitu vingine vya mababu huenda vimo.

Jinsi ya kuvitunza

Aliyevipata asiviharibu kwa kuvisafisha. Tumia maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo na kitambaa laini. Maji ya moto huvipindisha. Petroli, tina na dawa ya kufutia rangi ya kucha huyeyusha au kupasua polistirini. Usianike juani, maana rangi hupauka. Usivihifadhi pamoja na wanasesere wa plastiki laini. Mafuta yaliyomo katika plastiki laini huhamia kwenye plastiki ngumu na kuila. Funga kila kipande peke yake kwa karatasi. Na usigundishe kitu chochote.

Somo kwa mafundi wetu

Turudi kwenye samani za mabua na udongo. Watoto wa Katavi wamezitengeneza kwa vizazi, nazo zilikuwa adimu kuliko za Renwal kwa sababu kila moja ilikuwa ya pekee. Hata hivyo hazina soko, kwani hazikudumu na hazikuandikwa jina. Hakuna awezaye kusema hii ilitoka wapi, mwaka gani, mkono wa nani. Plastiki ya senti ikapata bei, kwa sehemu kubwa, kwa sababu kiwanda kiliweka jina chini ya kiti.

Hapo ndipo ilipo fursa. Mpanda ina mafundi seremala wengi wanaofanya kazi kwa mninga, na kila karakana ina vipande vinavyobaki na kuishia jikoni kama kuni. Kitanda kidogo, kabati dogo lenye mlango unaofunguka, meza na viti vinne vya mwanasesere vinahitaji mbao kidogo na msasa. Wanunuzi wa kwanza wapo hapa hapa: wazazi, shule za chekechea, na wageni wanaopita kwenda Hifadhi ya Taifa ya Katavi. Fundi aanze na seti chache, apime kama zinatoka, kisha ndipo aongeze. Achague kipimo kimoja na asikibadilishe, ili mteja aliyenunua kitanda mwaka huu arudi kununua kabati mwakani. Na upande wa chini achome jina la karakana, neno Mpanda, na mwaka.

Gharama ya kuchoma jina hilo ni karibu na bure. Huenda baada ya miaka 50 mtu akalitafuta, huenda asilitafute. Hiyo si biashara ya fundi. Biashara yake ni kwamba leo mteja akipendezwa na kiti, atajua aende wapi kununua meza.

Kwa kifupi, uzee hauna bei. Bei hutoka kwa mnunuzi anayejulikana, kitu kinachothibitika, na gharama ya kuwakutanisha wawili hao. Anayekosa kimoja kati ya hivyo vitatu hana mali, ana hadithi.